Siku tatu kwenye hasienda ya mkonge, Yucatán

Nimekulia Muheza, kwenye kambi ya mkonge ambako babu yangu aliletwa akiwa manamba, kibarua wa mkataba. Kwa hiyo nilipopata safari ya Mérida, mji mkuu wa jimbo la Yucatán, Mexico, hoteli za mjini nikaziacha, nikachukua chumba kwenye hasienda, nyumba kuu ya shamba la kizamani lililolima henekeni, ndugu yake mkonge. Mkonge wetu asili yake ni huku. Jina lake la Kiingereza, sisal, ni la bandari ya Sisal, hapa hapa Yucatán, na mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Iliyofika Tanga ikiwa hai ni 62.

Nyumba ni nzuri kweli. Baraza ndefu yenye matao, kuta nene zenye rangi ya udongo mwekundu, dari ya juu mno hadi joto linapanda juu ya kichwa chako na kupita zake. Sakafu ya vigae vya saruji vyenye maua inapoza nyayo hata saa nane mchana. Kila chumba kina kulabu ukutani za bembea ya kamba. Usiku wa pili niliacha kitanda nikalala humo, kama wenyeji.

Bustani ndiyo iliyoniteka. Katikati umesimama msufi, mti mtakatifu kwa Wamaya: mizizi yake kuzimu, matawi yake mbinguni. Bogenvilia zimepanda kuta za nyumba ya mashine isiyo na paa tena. Tangi la maji ya shamba sasa ni bwawa la kuogelea. Nikaona midanzi, ile michungwa ya machungwa machungu, nikaona mzingefuri, mti wa mbegu nyekundu za kutia chakula rangi, na jioni vyote viwili nikavikuta mezani: kuku aliyepakwa mbegu za mzingefuri zilizosagwa na maji ya danzi, akafungwa jani la mgomba na kuokwa. Kwa kawaida hupikwa nguruwe. Niliomba kuku, na mpishi hakusita.

Mbu ni wengi magharibi ikiingia, na Aprili na Mei jua ni kali, nendeni kati ya Novemba na Februari. Kilichoniuma ni kingine. Mtembezaji wetu alizungumza saa nzima juu ya matajiri na samani zao za Ulaya, lakini Wamaya waliokata majani, wakafungwa hapo kwa madeni ya duka la shamba, aliwapa sentensi moja. Nyumba hii imejengwa kwa migongo yao.

Nilipouliza zaidi, mzee wa bustani alinichukua hadi chini ya bomba la moshi, kijana wa mapokezi akitutafsiria. Babu yake alikuwa mkata majani. Nikamwambia wangu pia. Akakata jani moja, akaliparua kwa kijiti mpaka nyuzi nyeupe zikatoka, akaniwekea kiganjani. Nikamwambia kwetu hizi tunaziita singa. Akalitamka neno hilo taratibu, mara mbili.