Trekta dogo la kusawazisha kiwanja chenye mteremko: lipi ununue, na chuma gani ukikague kwanza

Malalamiko ninayoletewa kila kiangazi yanafanana. Dada mmoja wa Ngaramtoni kanunua trekta dogo la mtumba na bledi yake, lile bamba la chuma la kukwangua udongo. Injini inawaka vizuri, tairi bado zina kashata, rangi inang'aa. Kalifikisha kwenye kiwanja chake kinachoshuka kuelekea barabarani, na bledi ikawa inaufuata mteremko ule ule. Anapita, anarudia, ardhi imelainika lakini imeinama vilevile. Mzee mmoja wa Kibosho kaniambia maneno hayohayo kuhusu trekta la aina nyingine kabisa. Ndiyo maana leo sizungumzii nguvu ya injini wala saa ilizofanya kazi. Hayo muuzaji atakwambia hata usipomuuliza.

Nenda nyuma ya trekta, uiname. Utaona mikono miwili ya chini na toplinki moja juu, yaani mkono wa tatu, na hiyo mitatu ndiyo inayoshika bledi. Kila mkono wa chini unaning'inia kwenye rodi inayoshuka kutoka kwenye haidroliki, mfumo wa mafuta unaoinua na kushusha kifaa. Rodi ya kushoto mara nyingi haibadiliki urefu. Ya kulia ndiyo yenye skrubu, au mpini wa kuzungusha, ya kuirefusha na kuifupisha. Ukiirefusha, upande wa kulia wa bledi unashuka, ukiifupisha, unapanda. Skrubu hiyo ikiwa imeganda kwa kutu, bledi inabaki sambamba na ekseli ya nyuma siku zote. Trekta likiinama upande kwa sababu ya mteremko, bledi nayo inainama pamoja nalo, na hapo unakwangua tu.

Kinachohitajika ni kidogo mno, na hilo ndilo linaloniuma. Bledi ya mita 1.5 kwenye mteremko wa asilimia 10 inataka ncha moja ipishane na nyingine kwa sentimita 15. Lakini ncha za mikono ya trekta ziko karibu kuliko ncha za bledi, na rodi imeshika mkono karibu katikati yake. Kwa hiyo kwenye rodi unatafuta sentimita 3 au 4 tu. Watu wanapoteza mamilioni kwa sentimita hizo.

Matrekta madogo ya mtumba kutoka Japani ndiyo yanayoathirika zaidi, kwa sababu mengi yamefanya kazi kwenye majaruba ya mpunga yakivuta rotaveta, mashine ya visu vya kuvuruga udongo, na shamba la mpunga liko tambarare. Hakuna aliyewahi kuigusa ile skrubu. Ikifika huku inapigwa rangi juu ya kutu na nati inaonekana mpya. Mengine rodi ya kulia imeshakatika, na fundi wa kuchomelea kaweka bomba lenye urefu mmoja. Beba spana na mafuta ya kulainisha kutu, uizungushe mwenyewe mpaka mwisho, kwenda na kurudi. Muuzaji akikwambia itaachia ikishaanza kazi, muage.

Sasa chaguo langu. Namba moja ni Kubota ya mfululizo wa L inayovuta kwa magurudumu yote manne, na sifichi kwamba naipenda kuliko zote. L3408 ina nguvu ya farasi 34, L4508 ina 45, na uzito wake haufiki tani moja na nusu, kwa hiyo inageuka kwenye kiwanja chenye migomba na nyumba bila kung'oa kila kitu. Magurudumu ya mbele yanayovuta ni lazima kwa anayesukuma udongo kupanda. Rodi ya kulia inarekebishika kwa mkono, na ukiipaka grisi itakuheshimu miaka mingi.

Namba mbili ni Massey Ferguson 240. Si trekta dogo, nalijua hilo, lakini ina injini ya Perkins ya silinda tatu ambayo mafundi wa Moshi na Arusha wanaifahamu, na mpini wake wa kulia unazungushwa kirahisi. Udhaifu wake ni kwamba nyingi zinavuta kwa magurudumu ya nyuma tu. Kwenye kiwanja cha Sakina utaiweza. Kule juu Marangu, masika yakiwa yameloanisha ardhi, itateleza.

Namba tatu ni Yanmar na Iseki za mtumba, kwa sharti la skrubu nililolieleza. Nyingi huja na kishikio cha rotaveta peke yake, kwa hiyo hakikisha mikono yote miwili ya chini ipo na ina matundu ya pini.

Pawatila, lile la magurudumu mawili la kuongozwa kwa mikono? Kwa kulima sawa. Kwa kusawazisha mteremko, hapana.

Kwenye vifaa, anza na boksi bledi, yaani bledi yenye kuta pembeni kama sanduku, yenye meno ya kuchimba. Meno yanapasua udongo uliokanyagwa na ng'ombe, au ule mweusi wa tambarare za chini ya Moshi unaokauka ukawa mgumu, kisha boksi linaubeba mpaka unapotaka kuumwaga. Bledi ya kugeuka inafuata, maana hiyo inautupa udongo pembeni na ndiyo inayofaa kwa matuta na mifereji. Loda ya mbele, yaani sepetu kubwa ya kuzoa udongo, naiweka mwisho. Inabeba vizuri, lakini ukiinyanyua ikiwa imejaa kwenye mteremko, uzito wote unahamia juu na trekta linaweza kupinduka. Sepetu ikae chini, panda na kushuka badala ya kukatisha mteremko, na usinunue trekta ambalo upinde wa chuma nyuma ya kiti umekatwa. Upinde bila mkanda nao haukuokoi.

Kabla ya kutoa hela, pima kiwanja kwa mpira wa maji kama wafanyavyo mafundi ujenzi. Chukua kiwanja cha mita 20 kwa 30 chenye mteremko wa asilimia 10 kwenye ule upande wa mita 20. Juu na chini vinapishana mita 2. Ukikata juu na kujaza chini, unahamisha kama mita za ujazo 150, na boksi bledi ya mita 1.5 haibebi hata theluthi ya mita ya ujazo kwa safari moja. Ni safari zaidi ya 450. Hapo kodi kijiko, yaani ekskaveta, kifanye kazi nzito, kisha trekta lako limalizie. Na yeyote atakayekuchimbia, mwambie aondoe kwanza udongo wa juu, sentimita 20 hivi, auweke kando. Udongo huo ukifukiwa chini, miaka mingi hutapata hata mchicha.

Nimalizie na wauzaji, maana nina hasira nao. Trekta linatangazwa kwa picha nzuri, bei hakuna, "njoo inbox". Kabla ya mwaka 2025 ukija, bei ilitajwa kwa dola, ukilipa iligeuzwa shilingi kwa kiwango cha muuzaji mwenyewe. Mama anayeuliza habari za haidroliki anaambiwa aje na mumewe. Tumelima vihamba hivi tangu bibi zetu; tunajua tunachouliza. Baya zaidi ni pini. Pini za kuungia kifaa zina madaraja ya ukubwa, na trekta dogo hutumia daraja la 1, pini za chini milimita 22 na ya juu 19. Bledi nyingi wanazokuuzia ni za daraja la 2, yaani matundu yake ni ya 28 na 25. Pini zako zinaingia, ndiyo, lakini zinacheza, na bledi inayocheza milimita 6 kwenye tundu inaharibu usawa wote uliouweka kwenye rodi. Bushi za kuziba pengo hilo ni kitu kidogo, na bado wanakutoza kando baada ya kupokea mamilioni yako. Dai bushi, pini zote tatu na minyororo ya pembeni viandikwe kwenye risiti ileile ya trekta, kabla halijapakiwa.