Bash na dash kwenye seva ya duka Kisumu: uzoefu wangu na trap

Nasimamia seva ya duka la jumla karibu na soko la Kibuye, Kisumu. Stima ikipotea, UPS (betri ya akiba) inashikilia dakika chache tu. Ndani ya muda huo skripti ya ulinzi inatuma ishara ya TERM (ombi la kumaliza kazi) kwa skripti ya bakapu, inangoja dakika moja, kisha inapiga `kill -9`, inayoua kwa nguvu. Hiyo ya mwisho hakuna sheli (programu inayoendesha skripti, kama Bash au dash) inayoweza kuinasa, kwa hiyo usafi wote lazima uishe kabla yake.

Ubuntu inatumia dash kama `/bin/sh`, sheli ya kawaida ya mfumo, tangu toleo la 6.10, mwaka 2006. Ni nyepesi, inaanza haraka, na kwa kazi ndogo ndogo naipenda. Kwenye trap, amri inayoiambia sheli ifanye nini ishara ikifika au skripti ikiisha (EXIT), ndipo iliponisumbua. Safisha ni sehemu ya skripti yangu inayofuta faili la kufuli, lile linalozuia bakapu mbili kwenda pamoja. Nikiandika `trap safisha EXIT` peke yake, Bash inafuta faili hilo hata ikiuawa kwa TERM. Dash inakufa papo hapo, safisha haiitwi. Kesho yake bakapu inagoma kuanza kwa sababu kufuli bado lipo, na mwenye duka anataka kujua mauzo yake yako wapi.

Dawa ni mistari miwili, na inakubali kwenye sheli zote mbili:

`trap safisha EXIT`
`trap 'exit 143' TERM`

143 ni 128 kujumlisha 15, namba ya TERM. Hiyo `exit` ndiyo inayoita safisha.

Lakini ukishainasa TERM, linakuja jambo ambalo hata Bash hailikwepi: ishara ikifika amri nyingine ikiendelea mbele (yaani sheli inaingoja), trap inasubiri amri hiyo imalize. Skripti yangu hupumzika kwa `sleep 600` kati ya nakala na nakala. Dakika kumi! UPS gani itangoja? Nimeibadilisha kuwa `sleep 600 & wait $!`: `&` inaipeleka sleep nyuma, na `wait` ndiyo inayoingoja. Ishara ikiingia, `wait` inakatika mara moja na trap inafanya kazi yake. Ile sleep hubaki nyuma ikiendelea, kwa hiyo ndani ya safisha naiua kwa namba yake.

Kwa bakapu nimechagua Bash, na `#!/bin/bash`, inayotaja sheli ya kutumia, nimeiandika waziwazi mstari wa kwanza. Dash nimeiachia skripti fupi. Ukijaribu yako, tumia `kill -TERM` kwa namba ya skripti yenyewe. Ctrl-C inapeleka ishara kwa kundi zima la mbele, sleep ikiwemo, kwa hiyo kule kusubiri hutakuona kabisa.