Bunduki ya bei nafuu Marekani: ipi ununue, ipi uiache kaunta

Bastola iliyobandikwa dola 250 haiishii kwenye 250. Weka kodi ya mauzo ya asilimia 8, dola 20. Kama umeiagiza mtandaoni, itatumwa kwa muuzaji mwenye leseni aliye jirani yako, naye atakutoza kati ya dola 20 na 50 za kukukabidhi; tuseme 30. Risasi 300 za kuijaribia kwa senti 28 moja ni dola 84. Kisanduku cha kufuli, 40. Umefika 424, na magazini (kasha la risasi) ya ziada hujanunua.

Kwa hiyo orodha hii haikufuata kibandiko cha bei. Kiwanda kinachouza kwa nusu ya bei ya Glock, kampuni maarufu ya bastola ya Austria, kimebana matumizi mahali fulani: kwenye triga (kifyatulio), kwenye shabaha (vinundu vya kulengea juu ya bunduki), kwenye madini ya slaidi (kipande cha juu cha bastola kinachorudi nyuma kila inapopiga), au kwenye ukaguzi wa mwisho kabla ya boksi kufungwa. Kasoro itakuwepo. Cha kutafuta ni bunduki ambayo kasoro yake inajulikana, ina dawa, na mtengenezaji bado yupo wa kupokea simu.

Kabla ya kuchagua, hakikisha wewe mwenyewe unaruhusiwa. Kwa muuzaji mwenye leseni, sheria ya shirikisho inataka miaka 21 kwa bastola na 18 kwa bunduki ndefu, na baadhi ya majimbo yamepandisha zaidi. Mwenye makazi ya kudumu, yaani green card, anaweza kununua. Aliye kwa viza ya muda kwa kawaida haruhusiwi, isipokuwa awe na msamaha maalumu. Utajaza fomu 4473 ya shirikisho ya kununulia bunduki, na asiye raia huandika pia namba yake ya uhamiaji. Anwani ya kitambulisho lazima iwe ya unakoishi sasa. Ukihama bila kubadili leseni ya udereva, nenda na hati nyingine ya serikali yenye anwani mpya, kama usajili wa gari. Sanduku la posta halikubaliki.

Kisha jina lako linapitishwa kwenye mfumo wa ukaguzi wa FBI, NICS, unaofanya kazi tangu 1998. Akina Mohamed, Hassan na Juma wana majina pacha wengi, na jibu la "subiri" huwapata hata wasio na doa. Ikijirudia, omba kuingizwa kwenye faili la hiari la rufaa, VAF. Ukikubaliwa unapewa namba iitwayo UPIN, na ukiiandika kwenye fomu utatofautishwa na pacha wako wa jina. Na jambo moja lisilo na mjadala: usimnunulie binamu au rafiki bunduki kwa jina lako kwa sababu yeye hana karatasi. Hilo ni kosa la shirikisho, na tangu 2022 kifungo chake kinaweza kufika miaka 15.

1. Maverick 88 (shotgani ya pampu, yaani bunduki ya marisau inayopakiwa kwa kuvuta mkono, dola 230 hadi 280)

Kama bunduki ni ya kukaa nyumbani, haibebwi kiunoni, hapa ndipo pesa yako inaponunua chuma kingi zaidi. Ni ndugu mdogo wa Mossberg 500, kutoka kampuni ileile iliyoanza 1919. Mitutu mingi ya 500 yenye uwezo uleule wa magazini huingia bila fundi, hivyo unaweza kuwa na mtutu mfupi wa nyumbani na mrefu wa kuwindia kwenye bunduki moja.

Wamebana wapi? Kitufe cha usalama kimehamishiwa mbele ya triga badala ya kukaa juu chini ya kidole gumba, na mkono wa pampu umeunganishwa na bomba lake, kwa hiyo huwezi kubadili plastiki peke yake. Mkono huo hucheza na kulialia. Si ubovu, ndivyo ulivyo.

Malalamiko mawili hujirudia kwa wanunuzi wapya. La kwanza: "inakula risasi mbili tu." Matoleo ya kuwindia huja na kijiti ndani ya bomba la magazini, kwa sababu sheria ya ndege wahamao inaruhusu risasi tatu tu kwa jumla. Hakikisha bunduki ni tupu, fungua skrubu ya mtutu, vua mtutu, elekeza mdomo wa bomba chini, utikise, kijiti kitatoka. La pili: ganda hukwama. Mara nyingi mkono ndio wenye kosa, si bunduki. Pampu inataka kuvutwa mpaka mwisho na kusukumwa mpaka mwisho, kwa nguvu. Anayeivuta kwa huruma huacha ganda njiani.

Usijaribu kuukata mtutu. Chini ya inchi 18 umeingia kwenye kosa jingine kabisa.

2. Smith & Wesson SD9VE na SD9 2.0 (dola 280 hadi 350)

Bastola ya 9 mm, magazini mbili za risasi 16, slaidi ya chuma kisichoshika kutu. Ukoo wake ni Sigma ya 1994, iliyofanana na Glock kiasi cha Glock kwenda mahakamani; kesi ikaisha kwa makubaliano 1997. Walipobana ni triga: ya SD9VE ni nzito na ndefu, na mwenye vidole dhaifu atavuta risasi chini na kushoto bila kujua kwa nini. Toleo la 2.0 limerekebisha sehemu ya tatizo hilo.

Watu hununua springi nyepesi za kupunguza uzito wa triga. Zinafanya kazi, lakini springi ya pini ya kugonga ikilegezwa mno, fataki (kiwashio kidogo kilicho kitakoni mwa risasi) iliyo ngumu haiwaki: unasikia "tak" halafu kimya. Kwa bunduki ya kujilinda acha springi ya kiwandani, fanyia mazoezi triga nzito. Kwa ukubwa wake hii ni ya nyumbani na ya uwanja wa shabaha. Kuificha chini ya fulana ni kazi.

3. Ruger EC9s (dola 230 hadi 300)

Ndogo, nyembamba, chini ya nusu kilo ikiwa tupu, risasi 7 kwenye magazini. Shabaha zake zimechongwa kutoka kwenye slaidi yenyewe, na hapo ndipo kiwanda kilipookoa pesa. Maana yake hutazibadilisha milele. Tone la rangi nyeupe ya kucha kwenye shabaha ya mbele hupunguza tatizo kwa chini ya dola mbili.

Wepesi una gharama: inarusha mkono. Mnunuzi anayetaka "ndogo ya kuanzia" hugundua baada ya risasi 50 kwamba ndogo ndiyo ngumu zaidi kujifunzia. Kitu kingine kinachowashangaza watu ni kwamba Ruger haitoi dhamana ya maandishi, na imeeleza waziwazi kwamba ni kwa sababu ya masharti ya sheria ya dhamana ya Marekani. Hata hivyo sifa yake ya kutengeneza bunduki zilizorudishwa ni nzuri kuliko ya makampuni mengi yenye karatasi za dhamana zilizopambwa.

4. Taurus G3C (dola 220 hadi 280)

Kwa bei hii unapata magazini tatu za risasi 12. Zingatia hilo, kwa sababu magazini moja ya ziada kwa kawaida ni dola 25 hadi 40. Triga yake ina uwezo ambao wenzake wengi hawana: fataki isipowaka unaweza kuvuta tena bila kukoki slaidi.

Kwa nini basi iko ya nne? Ukaguzi wa kiwandani hauko sawasawa. Mmoja anapata bastola inayokula kila kitu, jirani yake anapata inayokwama kila magazini ya pili, na foleni ya matengenezo huweza kuwa ndefu. Jina la Taurus bado linabeba pia kesi iliyomalizwa kwa makubaliano 2015, kuhusu bastola karibu milioni moja za zamani zilizodaiwa kufyatuka zikianguka. Ukinunua iliyotumika soma ubavuni: PT-111 Millennium ya zamani imo kwenye orodha hiyo, Millennium G2, na G2C na G3C zilizoifuata, hazimo.

5. Hi-Point C9 (dola 150 hadi 200)

Inachekwa kuliko zote, na kwa sura tu inastahili. Haina mfumo wa kufunga mtutu. Kinachozuia mlipuko ni uzito wa slaidi ya aloi ya zinki, ndiyo maana bastola ya risasi 8 ina uzito wa gramu 800 na ushei na kichwa kikubwa kama nyundo. Kuifungua kwa usafi kunataka kugonga pini kwa kifaa, wakati wenzake hufunguka kwa vidole.

Lakini Hi-Point, iliyotoka Ohio, inajua wateja wake. Dhamana yake ni ya maisha na huifuata bunduki hata ikiuzwa kwa mtu wa tatu. Mwaka 2019 iliwaachia watu waipe jina bastola mpya, wakaja na mzaha, Yeet Cannon, na kampuni ikaupokea. Kilichoiumiza si dhihaka, ni Taurus. Tofauti ya bei iliposhuka hadi dola 60 au 70, sababu ya kubeba tofali ikapungua.

Kasoro yake kubwa ni magazini: midomo ya juu huachia risasi chini mno au juu mno, ncha ikagonga ukuta wa chemba (tundu la mtutu risasi inamokaa). Tumia magazini za kiwanda tu, na ikikosea ombeni nyingine. Kukunja midomo kwa koleo husaidia wanaojua, ila milimita moja ya ziada inaiharibu kabisa.

Za kuacha

Bastola ndogo za zinki za kusini mwa California: Raven, Jennings, Lorcin, Davis, Bryco. Sheria ya 1968 ilipozuia kuingiza bastola ndogo za bei rahisi kutoka nje, viwanda hivi vilijaza pengo. Leo zinauzwa dola 100 kwenye minada. Baadhi ya Bryco zililazimu kitufe cha usalama kuachiwa kwanza ndipo chemba itolewe risasi. Mtoto wa miaka 7 alipooza katika ajali ya namna hiyo, na hukumu ya fidia ya 2003 ikaifilisi kampuni. Vipuri hakuna, wa kumpigia simu hakuna.

Shotgani za Remington 870 Express zilizotumika ni habari ya kati. Remington ilifilisika 2018, kisha tena 2020, na mmiliki mpya hakubeba dhamana za zamani. Nyingi hushika kutu haraka na chemba zake zina mikwaruzo inayong'ang'ania maganda ya bei rahisi. Dawa ipo: mtutu ukiwa umevuliwa, pamba ya chuma ya daraja 0000 kwenye brashi, mafuta, na drili polepole ndani ya chemba kwa dakika moja. Ikiuzwa chini ya dola 200 bila kutu ndani ya mtutu, ifikirie.

Shotgani za kujipakia zenyewe kutoka Uturuki kwa dola 250, jina geni na mwagizaji asiyejulikana, ziache. Uturuki inatengeneza bunduki nzuri, Canik ni ushahidi. Shida ni kwamba mwagizaji akibadilika hata springi ya dola 5 huipati.

Jinsi ya kuijaribu

Kaunta: elekeza pembeni pasipo na mtu, toa magazini, fungua slaidi, angalia chemba kwa jicho na kwa kidole. Uliza bei ya magazini kabla ya kuuliza bei ya bastola. Hakikisha kufuli ya bure imo ndani ya boksi. Tangu 2006 muuzaji mwenye leseni analazimika kuitoa na kila bastola.

Nyumbani, futa grisi ya kiwandani. Hiyo ni ya kuzuia kutu ghalani. Ikibaki kwenye mfereji wa pini ya kugonga, fataki haziwaki. Tone moja la mafuta kwenye kila reli linatosha. Ziandike magazini namba 1, 2, 3 kwa kalamu, kisha piga risasi 200 za kawaida za graini 115 (kipimo cha uzito wa kichwa cha risasi) na 50 za zile utakazoziweka nyumbani. Kila ikikwama, andika namba ya magazini. Ikiwa ni namba 2 kila mara, bunduki ni nzima, tupa namba 2. Ganda tupu likisimama wima likabanwa na slaidi, mpe mwenzako apige. Kwake ikienda vizuri, kifundo chako cha mkono ndicho kinacholegea.

Na ukikaa ghorofa, kumbuka ukuta wa bodi ya jasi hauzuii risasi ya 9 mm wala marisau makubwa. Nyuma yake analala jirani.

Ikibidi irudi kiwandani, sheria ya shirikisho inakuruhusu kuituma moja kwa moja na kuipokea moja kwa moja, lakini posta haipokei bastola kutoka kwa raia wa kawaida. Omba kampuni ikutumie lebo yake ya usafirishaji. Toa risasi zote. Magazini iliyokuwa ikikwama iweke humohumo ndani ya boksi pamoja na karatasi ya maelezo, la sivyo fundi ataijaribu kwa magazini yake, itapiga vizuri, na utarudishiwa vilevile.