The Westing Game: kitabu cha mtumba kilichoniumbua

Nilikinunua kwenye vitabu vya mtumba, Mlango Mmoja hapa Mwanza, kwa shilingi 3,000, jalada limechanika. Aliyekuwa nacho kabla yangu aliandika pembeni kwa penseli jina la mtu anayemshuku. Nikamwamini. Tukakosea wote wawili.

Ni hadithi ya upelelezi ya Ellen Raskin, Mmarekani, ya mwaka 1978, inayowafaa watoto wa darasa la tano hadi la saba wanaojimudu kwa Kiingereza. Tajiri anakufa, warithi 16 wanapangwa wawili wawili, kila jozi inapewa dola 10,000 na vidokezo vyake. Atakayefumbua fumbo anarithi dola milioni 200.

Mimi naandika hadithi za watoto. Ile yangu ya magunia ya dagaa yaliyopotea mwaloni Kirumba, mtoto wa dada yangu alisoma kurasa tatu tu akaniuliza, "Mama mdogo, mwizi si huyu mwenye macho mekundu?" Nilinyamaza.

Raskin hampaki mtu macho mekundu. Mapema kabisa anakwambia waziwazi kwamba kati ya wapangaji wa jengo moja yumo mwizi, yumo mtega mabomu, na mmoja kaingizwa kimakosa. Halafu anakuzungusha kwa mshona nguo, kwa jaji, kwenye mgahawa wa Kichina ghorofa ya juu, hadi unasahau ulichoambiwa. Jengo lenyewe, kando ya Ziwa Michigan, limepewa jina la machweo ilhali limeelekea mashariki. Ni sawa na mtu ajenge gesti Capri Point, aiite Machweo, madirisha yote yatazame Igoma, upande wa mashariki. Nilicheka nikapita, kumbe nilikuwa nimeshaonywa kwamba humu majina yanadanganya.

Na Turtle, binti wa miaka 13: ukimgusa msuko wake, unapigwa teke la ugoko. Tabia moja tu hiyo, na kila akitokea unamjua.

Kasoro ipo. Majina ni mengi mno; nilichora jedwali nyuma ya daftari ndipo nikaenda nayo. Na vidokezo vimesukwa kwa maneno ya Kiingereza, ukivitafsiri vinakufa. Nakipa nyota nne.

Macho mekundu nimeyafuta. Mwizi wangu sasa yumo ukurasa wa kwanza, anachapa kazi kama wenzake. Kijana kasoma tena juzi, anamshuku mama ntilie.