Raba za mtumba za Karume kwa kutembea na kukimbia: miezi minne mimi na mama

Naandika hii kwa ajili ya yeyote aliyeambiwa hospitali aanze mazoezi afu akaenda kununua raba ya kwanza aliyoiona inang'aa dukani, maana sisi ndivyo tulivofanya na mama aliumia.

Mama ana miaka 66, ana presha na goti la kulia linamsumbua. Daktari akamwambia atembee dakika 30, siku tano kwa wiki, ukizipiga ndo zile dakika 150 ambazo Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima azifikishe kwa uchache. Nikafurahi nikaenda duka moja nikamnunulia raba mpya nyeupe 45,000, jina kubwa pembeni, ile orijino inauzwa mara tano ya hapo kwa hiyo nilijua ni feki ila nikajisemea si za kutembelea tu. Soli ngumu kama ubao. Wiki ya pili kisigino kinauma, goti limevimba, akazisukuma chini ya kitanda akaniambia "mwanangu, bora kandambili zangu", na mazoezi yakaishia hapo. Iliniuma sana kwa kweli, kwa sababu yeye alikuwa tayari kutembea, kilichomrudisha nyuma ni kiatu nilichompelekea mimi.

Jirani yetu anayekimbia na kikundi cha jogingi cha mtaani ndo akanipeleka soko la mitumba la Karume, pale Mchikichini Ilala, Dar es Salaam. Soko hili liliungua Januari 2022 watu wakapoteza kila kitu, na ukiona walivosimama tena unawaheshimu. Viatu vinapangwa juu ya meza na maturubai chini, na ukitulia utaona ASICS, Brooks, New Balance, Saucony, raba ambazo zimetengenezwa kwa kazi ya kukimbia, sio za kupigia picha.

Sasa sikiliza namna ya kuchagua, hapa ndo pana mambo. Usiangalie rangi wala usafi, zinaoshwa zote na kupigwa brashi mpaka zinametameta. Chukua kiatu, bonyeza sponji ya pembeni pale kisiginoni kwa dole gumba. Ikirudi taratibu kama mkate laini, iko hai. Ikiwa na mikunjo midogo midogo mingi kama ngozi ya mzee na haibonyei, imekufa, hata kama juu kinaonekana kipya weka chini. Afu kiweke mezani ukitazame kwa nyuma, kikiwa kimelala upande mmoja ujue mwenye nacho wa kwanza alikikanyaga hivo na wewe kitakulaza hivohivo, kwa mtu mwenye goti bovu hicho ni hatari. Kikunje: kinatakiwa kikunjike pale vidole vinapokunjikia, kikikunjika katikati kama kitambaa achana nacho. Toa soli ya ndani uangalie alama za vidole zimezama kiasi gani. Mwisho soma lebo ndogo ndani ya ulimi, kampuni nyingi zinaandika mwezi na mwaka kiatu kilipotengenezwa, maana kuna kiatu kimekaa stoo miaka nane hakijatembea hata kilomita moja lakini gundi yake ishachoka.

Hilo la gundi nalijua kwa yaliyonikuta. Pea yangu ya kwanza, sitaji kampuni wala meza niliyonunulia, soli ya mbele ilibanduka siku ya nne niko katikati ya barabara asubuhi saa kumi na mbili, nikarudi nyumbani naburuza mguu. Fundi viatu akaniambia dada, kiatu cha mtumba ukishanunua leta kwanza nikipige uzi kuzunguka soli ndo ukakimbilie. Nikalipa 5,000 na mpaka leo hakijaachia. Kwa hiyo kwenye bei ya mtumba weka na hela ya fundi, pamoja na soli mpya za ndani, zile za zamani usivae za mtu.

Za mama tulizipata mara ya pili, ASICS za bluu saizi 39. Kijana muuzaji alimwamkia shikamoo bi mkubwa, akatandika boksi chini asikanyage vumbi, akamwambia avae zote mbili atembee mpaka kule kwenye meza ya mikanda arudi. Mama akaenda, akarudi, akaenda tena bila kuambiwa, hapo nikajua zimekubali. Kijana alianza na 60,000 tukaishia 38,000. Halafu saa ya kwenda nayo ina utata wake: asubuhi ndo unakuta mzigo mzuri kabla haujachambuliwa, lakini mguu unatanuka kadri siku inavokwenda, ukijaribu asubuhi kiatu kikikukaa sawasawa jioni kitakubana. Sisi tunaenda asubuhi ila tunaacha nafasi ya upana wa dole gumba mbele. Na kwa mtoto pia upana huohuo tu, mwanangu wa miaka 11 niliwahi kumchukulia saizi mbili juu ili akue nazo, akawa anajikwaa kila akikimbia, sirudii.

Miezi minne sasa. Mama alianza na dakika 10 kuzunguka mtaa wetu wa Magomeni, leo anafikisha 35, na Jumapili alfajiri tunaenda Daraja la Tanzanite, lile lina kama kilomita moja hivi, tunavuka na kurudi huku upepo wa bahari unatupiga, pembeni wanapita watu wa jogingi wanaimba na wanampungia mkono. Dawa za presha anaendelea nazo kama alivoandikiwa, hatujagusa. Ila goti halivimbi tena jioni, na ngazi za kanisani anapanda bila kunishika bega.

Mapungufu yapo. Hakuna risiti wala kurudisha, feki zimechanganywa humohumo kwa hiyo jicho lazima, pa kukaa kujaribu ni shida hasa ukienda na mtu mzima, na bei unatajiwa kutokana na ulivovaa. Ukishafika nazo nyumbani zioshe kwa sabuni na maji ya kawaida, zijaze magazeti uzianike kivulini, jua kali linakausha gundi.

Nawapa nyota nne kwa tano, ile moja ni ya gundi na kukosa pa kukaa. Jumamosi hii narudi kwenye meza za saizi 39 mapema, kisigino cha kulia cha zile za bluu kimeanza kulika kwa nje na mama ameshaniambia safari hii anataka nyekundu.