Maslow au Herzberg: yupi akusaidie kuongoza wafanyakazi?

Mwaka 1943 mwanasaikolojia Mmarekani Abraham Maslow alipanga mahitaji ya binadamu kwa ngazi, ya chini yakitangulia kutimizwa: chakula, usalama, upendo, heshima, kisha kutimiza vipaji. Mwanasaikolojia mwingine, Frederick Herzberg, na wenzake, katika utafiti waliouchapisha mwaka 1959, waliwahoji wahandisi na wahasibu wapatao 200 wa Pittsburgh, Marekani, wakaona mambo yanayokera kazini si yale yale yanayotia ari.

Kwa wepesi wa kueleweka, Maslow anashinda. Kwa uthabiti anayumba: muuguzi ambaye mshahara haumtoshi anataka kuheshimiwa leo, hangoji ashibe kwanza. Herzberg naye alikosolewa, maana wakihojiwa, watu hujipongeza wakifanikiwa na kulaumu mazingira wakikwama. Hata hivyo anakuonyesha pa kushika. Rekebisha mshahara, usimamizi mbovu, vyoo vichafu, manung'uniko yatapungua. Ari itakuja kazi yenyewe ikiwa na maana, na mtu akiaminiwa kuamua.

Kwa gharama, kusifu kazi nzuri ni rahisi kuliko kuongeza mishahara, lakini kutoa cheti wakati mishahara imechelewa ni dhuluma.

Kama watu wako hawana mkataba wala bima, anza na Maslow. Kama wanalipwa vizuri na bado wanaacha kazi, mfuate Herzberg.