Uzoefu wangu na mikeka ya sola ya bwawa: imefungwa ikiupa Mlima Meru mgongo

Naanza na nyota moja, na hiyo moja ni ya mikeka yenyewe. Waliokuja kuifunga hawana hata nusu.

Kwa mwenye haraka: ukiwa Arusha na unataka bwawa la nyumbani liogeleke Juni hadi Agosti, ile mikeka myeusi ya plastiki inayopitisha maji juu ya paa inafanya kazi. Ila lazima itazame Mlima Meru. Ukiwa Moshi, itazame Kilimanjaro. Kaskazini, basi. Ya kwangu ilifungwa ikitazama kusini, kama inasubiri basi la Dodoma. Nilipouliza kwa nini, fundi mkuu alinijibu akiwa bado juu ya ngazi, hata kugeuka hakugeuka: "Mama, sisi tuko Ikweta. Jua liko kichwani mwaka mzima. Popote ni sawa."

Popote ni sawa! Hilo neno bado limenikaa kooni.

Haya, tulipige hesabu. Arusha iko digrii 3.4 hivi kusini mwa Ikweta. Jua nalo halikai kichwani mwaka mzima, lina safari yake. Mwishoni mwa Juni limehamia digrii 23.4 kaskazini, kwa hiyo kwetu, likiwa juu kabisa, limeinama digrii 27 kuelekea kwenye mlima. Chukua paa lenye mwinamo wa digrii 20. Upande wa kaskazini jua linaushukia karibu wima. Upande wa kusini linaupiga kiubavu, digrii 47, na hapo karibu theluthi ya jua la moja kwa moja imeshapotea hata kabla ya kuzungumzia mawingu. Desemba fundi angekuwa sahihi, maana jua linakuwa limehamia kusini. Sasa nani anapasha bwawa Desemba?

Tena mikeka hii haina kioo juu. Upepo ukipita unabeba joto lake. Kwa hiyo saa chache za jua kali ndizo kila kitu, na ukizipoteza hizo hakuna cha kufidia.

Ukubwa wa kazi yenyewe wengi hawauelewi, na wauzaji hawana haja ya kukueleza. Bwawa la mita 8 kwa 4, kina cha wastani mita 1.4, lina karibu lita 45,000. Kulipandisha digrii moja tu ni uniti 52 za joto (uniti ni kilowati-saa, zilezile za umeme wa LUKU). Julai maji yanaweza kushuka hadi 19, na mtoto wa kuogelea bila kugonganisha meno anataka 27. Digrii nane hizo ni uniti 418. Kwa hita ya koili, ukikadiria uniti ya LUKU kwa shilingi 350, umeteketeza kama 146,000 kabla mtu hajalowa, na usiku unakuja kuchukua chake. Ndiyo maana watu wanakimbilia paa.

Eneo la mikeka lipimwe kwa eneo la uso wa bwawa. Bwawa hilo lina uso wa mita za mraba 32. Niliuziwa 24, robo tatu. Kwa Moshi, ambako ni chini zaidi na joto zaidi, robo tatu inatosha. Kwa Arusha, na mawingu yetu ya Julai ambayo siku nyingine hayafunguki hadi saa sita, dai mita kwa mita kama paa linaruhusu. Na kabla hujalipa, simama uani kama saa 6 na nusu mchana, maana kwetu jua linafika katikati saa hiyo na si saa 6 kamili, uangalie kama mparachichi wa jirani upande wa kaskazini hautupi kivuli juu ya bati.

Turudi kwa bwana Ikweta. Kosa la pili alilifanya kwa kujiamini vilevile: alifunga taima. Pampu inawaka saa 12 asubuhi, inazima saa 12 jioni, "ili ipate jua lote." Jua gani la saa 12 asubuhi Arusha mwezi wa Julai? Paa saa hiyo lina umande, hewa iko kwenye 13 au 14, na maji ya bwawa ni ya 22. Ukiyapandisha juu ya paa unayapooza. Mkeka mweusi usio na kioo unatoa joto kwa bidii ileile unayolipokea, na kuna watu kwenye nchi za joto kali wanautumia usiku makusudi kupooza mabwawa yao. Sisi tukaletewa huduma hiyo bure.

Nilifunga vipimajoto viwili kwenye bomba, kimoja kwenye bomba linalopanda na kimoja kwenye linaloshuka, nikavizungushia sponji na utepe ili hewa isividanganye. Asubuhi: yanapanda 22.4, yanashuka 21.7. Pampu ilikuwa inasukuma kama lita 6,000 kwa saa, kwa hiyo hapo zinamwagwa karibu uniti 5 za joto kila saa. Kuanzia saa 12 hadi saa 4 ni uniti 20, sawa na digrii 0.4 kwa bwawa zima. Mchana, upande ule wa kusini ukijitahidi, maji yalirudi yameongezeka digrii 1.2 kwa wastani kwa saa nne, uniti 33 na ushee. Toa 20 za asubuhi. Unabaki na uniti 13, robo ya digrii, na usiku mmoja bila kava unaimeza yote na kuomba nyingine.

Nilimpigia. Akasema nina haraka, bwawa "linahitaji wiki mbili kuzoea." Maji yanazoea nini?

Dawa ya taima ni kontrola ya joto yenye sensa mbili. Moja inakaa juu ya paa, upande uleule wa mikeka na kwa mwinamo uleule. Ukiifunga upande mwingine itakudanganya. Ya pili inakaa kwenye bomba la maji ya bwawa kabla hayajapanda. Paa likiwa na joto kuliko maji kwa digrii 4 au 5, kontrola inageuza valvu ya njia tatu na maji yanapanda. Tofauti ikishuka hadi digrii 1 au 2, inarudisha maji njia ya chini. Kama mfuko hauruhusu kontrola, basi taima iseme saa 5 asubuhi hadi saa 10 jioni, na siku ya mawingu mazito uzime kwa mkono. Pampu ya kilowati 0.75 kwa saa hizo tano inakula uniti 4 kasoro. Hiyo si gharama ya kulalamikia.

Sasa niwe muungwana kidogo. Katika lile kundi kulikuwa na kijana msaidizi, ambaye muda wote alikuwa anatumwa kushika ngazi. Siku waliporudi kwa shingo upande, ndiye aliyepita juu ya mikeka mchana akiigusa kwa kiganja, mkeka baada ya mkeka. Wa kwanza baridi, wa pili baridi, wa katikati akautoa mkono kama aliyegusa sufuria. "Mama, huku maji hayapiti." Mkeka wenye maji yanayotembea unakuwa wa baridi ukiugusa hata jua likiwa kali, kwa sababu maji yanabeba joto linapoingia. Ukichoma mkono, maji yamekwama.

Na yalikwama kwa sababu bomba la kupeleka na la kurudisha vyote vilikuwa vimeungwa upande mmoja. Maji ni mvivu, yanapita njia fupi. Yanatakiwa yaingie kona ya chini upande mmoja na yatokee kona ya juu upande wa pili, mshazari, ili kila mkeka uwe na safari ya urefu uleule. Kijana alilijua hilo. Bosi wake alimwambia anyamaze. Nikamwambia, "Mwanangu, endelea," na bosi akashuka kwenda kuongea na simu.

Hapo nilipandisha hadi nyota tatu, kwa heshima ya kijana.

Kuhamishia mikeka upande wa mlima kulichukua siku moja. Usifungue maunganiko kabla ya kumwaga maji yote, yana uzito na mtu anaweza kuteleza. Mabomba ya juu ya paa tuliyafanya ya PPR, yale yanayoungwa kwa moto, maana PVC ya kawaida ikibaki kavu juani inalainika na kujipinda kama haijashikwa kila mita. Kati ya filta na mikeka lazima kuwe na valvu ya kuzuia maji kurudi. Bila hiyo, pampu ikizima maji ya paa yanateremka kinyume na kuvuruga mchanga wa filta. Juu kuwe na valvu ndogo ya kuingiza hewa, ili maji yakishuka mikeka isinyonywe ikabanwa. Ukiona mapovu bwawani dakika moja baada ya pampu kuwaka, ni hiyo hewa inatoka. Yakiendelea mchana kutwa, mfumo unavuta hewa, na mara nyingi filta imeziba, presha kwenye paa imeshuka. Klorini nayo iingie mwisho kabisa, baada ya maji kurudi kutoka paa.

Jambo moja linawachanganya watu: maji yakirudi ya moto sana, usishangilie. Yanatakiwa yarudi na ongezeko la digrii 2 hivi, 3 ukizidisha. Yakirudi na digrii 6 au 7 maana yake yanapita taratibu mno, mkeka umekuwa wa moto, na joto linaishia kwa upepo. Osha filta, kisha pima tena.

Baada ya kuhama na kufunga kontrola, wastani ukawa digrii 1.8 kwa saa tano, uniti 63 kwa siku ya jua. Digrii 1 na ushee kila siku. Hapo unaona unaelekea mahali.

Lakini bila kava ungekuwa unachota maji kwa tenga, na hapa hasira yangu inarudi upya, kwa sababu nilipouliza kuhusu kava siku ya kwanza niliambiwa ni "anasa, mama, itaharibu mandhari." Joto la bwawa kwa sehemu kubwa haliondoki kupitia ukutani, linaondoka na mvuke. Milimita 5 tu za maji zikikauka kwenye uso wa mita 32 ni lita 160, na zinaondoka na uniti 108 za joto. Digrii mbili nzima! Kava ya plastiki yenye mapovu, mapovu yakitazama chini kwenye maji, ikatwe ifuate kingo za bwawa isiache mwanya wa kiganja. Ivutwe saa 10 jioni, jua linapoanza kulegea. Usingoje giza. Asubuhi kukiwa na mawingu iache. Klorini tu uiangalie, maana chini ya kava haipungui haraka, usirundike. Ukiikunja, usiiache juani imejikunja, mapovu yanaungana na kupasuka.

Nikisema ukweli wote, kava peke yake ilibakiza joto jingi kuliko mikeka ilivyokuwa inaleta ilipotazama kusini. Kama uko Moshi mjini, anza na kava tu, subiri wiki mbili tatu, kisha ndipo uamue kama unahitaji kupanda juu ya paa. Kwa hiyo sijui hata kama ni sahihi kuipa mikeka nyota wakati kitu cha bei ndogo kiliachwa dukani.

Wanaouliza kuhusu pampu ya joto ya umeme: ni nzuri, uniti moja ya umeme inaweza kukupa joto la uniti nne hewa ikiwa ya vuguvugu, na zile 418 zinakuwa kama 105. Iwashwe mchana, hewa ya usiku inaipunguzia nguvu. Ikae nje mahali pa wazi. Ukiifungia kwenye kibanda cha pampu itavuta hewa baridi inayoitoa yenyewe. Na umeme ukiwa unayumba, weka kinga ya volteji kabla ya kila kitu.

Mwaka huu, wiki moja kabla ya Saba Saba, kipimajoto kimesoma 26.5 saa 9 alasiri, kava imetoka, watoto wamo ndani. Sikutegemea. Nilitaka kuandika nyota nne.

Kisha ikanyesha kamvua kadogo. Bati letu ni la msauzi, lile lenye migongo na mabonde, na skrubu za kamba za mikeka hupigwa kwenye mgongo wa bati, zikiwa na ringi ya mpira. Kule upande wa kusini, bwana Ikweta alizipiga kwenye bonde, mahali maji yanapopita, na alipozing'oa akaziba matundu kwa silikoni ya madirisha. Mawili yanadondosha, moja liko juu ya jiko. Nyota mbili, na kijana yule akifungua ofisi yake nitampa kazi.